Shoti Isiyo na Cheche

Siku sumaku kubwa ilipoingia kwenye yadi ya vyuma chakavu, Mzee mwenye yadi alivaa shati lake la kwendea harusini. Ilikuja juu ya lori, imefungwa kamba kama fahali anayepelekwa mnadani: duara la chuma pana kama meza ya kulia familia nzima, zito hata matairi ya lori yalikuwa yamebonyea. Wapakiaji waliacha kazi wakaja kuitazama. Mmoja wao akasema kwa jinsi ilivyopokewa na ilivyopambiwa njia, hiyo si mashine, ni bwana harusi. Jina likaganda hapo hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita sumaku tena. Ilikuwa Bwana Harusi.

Mzee alikuwa ameitafuta sumaku ya namna hiyo kwa muda mrefu, wala si kwa majivuno tu. Yadini kwake mizigo ilinyanyuliwa kwa kreni yenye ndoano na minyororo. Kila mara ilibidi mtu apande juu ya lundo, apitishe mnyororo chini ya chuma kinachoteleza, kisha aruke pembeni kabla mzigo haujapaa. Kreni yenyewe iliendeshwa na binti yake mkubwa, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali na mkono mwepesi. Wapakiaji walimwita Mawingu, kwa kuwa tangu asubuhi hadi jioni alikuwa huko juu kwenye kabini yake, na wao waliona nyayo zake tu. Mdogo wake, ambaye kila mtu humwita Fundi, ndiye mchomeleaji wa yadi. Wakati fulani Fundi alikuwa anasaidia kufunga mzigo, mnyororo ukakaza ghafla ukamkata ncha ya kidole. Mwenyewe alilifanya jambo hilo mzaha, akawa anasema afadhali, sasa kucha za kukata zimepungua. Mawingu hakucheka hata mara moja. Alikuwa ameshika usukani wa kreni siku ile. Tangu hapo, kabla ya kunyanyua chochote, alichungulia chini, akatazama kila kichwa kiko wapi, akachungulia tena, ndipo akavuta. Ni yeye aliyemchosha baba yake kwa habari za sumaku, asubuhi chai, jioni chai, wimbo ule ule: sumaku haina haja ya mtu wa kufunga mnyororo.

Kwa hiyo furaha yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote, ingawa aliificha kwa kukunja mdomo. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa muuzaji kuijaribu, akaiona kwa macho yake ikinyanyua injini nzima ya lori kana kwamba ni kikapu. Ilikuwa na kasoro moja tu. Bamba la chini, lile linaloifunika koili ya waya wa shaba lisije likapondwa na vyuma, lilikuwa limechakaa na kutoboka kama kichujio.

Fundi akasema hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Alichagua kwenye lundo chuma kinene cha tangi kuukuu, akakikata duara kwa moto, akaling'oa bamba la zamani lote na kulipachika jipya, akalichomelea pande zote mbili: katikati kwenye kitovu cha sumaku, na pembeni kwenye ukingo wa nje. Kazi ilikuwa safi. Mshono ulilala kama wa cherehani. Aliwaita watu mmoja mmoja waje wapitishe kidole waone kama kuna mahali kinakwama.

Siku ya kwanza ya kazi, Mawingu aliishusha sumaku juu ya lundo, akabonyeza swichi, akavuta. Bwana Harusi alipaa na mabati mawili matatu, kopo la rangi, na fremu ya baiskeli ambayo nayo ilidondoka njiani. Mawingu akarudia. Safari hii alipata ndoo. Chini wapakiaji walitazamana, na mizaha iliyofuata, kuhusu bwana harusi anayeshindwa kazi siku ya kwanza, siwezi kuieleza yote hapa.

Fundi umeme aliitwa. Alipima huku, akapima kule, akaegesha mita yake kwenye ngazi na kukuna kichwa. Umeme ulikuwa unafika vizuri. Koili haikuwa imekatika, haikuwa imeungua, wala haikuwa na shoti mahali popote. Kwa mujibu wa mita yake, sumaku ile ilikuwa nzima kabisa. Akafunga mkoba, akasema labda imezeeka, akaondoka.

Mzee alikuwa amelivua shati la harusini siku nyingi nyuma, lakini siku hiyo ndipo alipoonekana kweli ameivua furaha yenyewe. Alisema ametapeliwa, muuzaji ameonyesha moja na kupakia nyingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mawingu alimkatalia. Aliijua sumaku ile kwa mkwaruzo ulio ubavuni. Ni ile ile. Basi kama ni ile ile, Mzee akamuuliza, nguvu zake zimekwenda wapi? Minyororo ikarudishwa kwenye ndoano.

Siku ya mapumziko, familia yote ilipokuwa mezani, Mzee aliacha kula katikati na kumtazama mkwewe, yaani mke wa Fundi, kama aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo. Mke wa Fundi alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana. Mzee alimuuliza kama ni kweli kwamba katika hayo anayofundisha, sumaku imo. Mwalimu akakubali kuwa imo. Mzee akasema basi kesho aje yadini, na akaendelea kula, kwa maana kwake yeye shauri lilikuwa limekwisha.

Mwalimu hakulala vizuri. Kwanza, sumaku ilikuwa ndiyo sura ya kitabu aliyoipenda kidogo kuliko zote. Kila mwaka alichora ubaoni jedwali lenye pande mbili. Upande mmoja umeme: betri inasukuma, mkondo unapita, ukinzani unazuia. Upande wa pili sumaku: koili inasukuma, mtiririko wa sumaku unapita, na chuma au hewa ndiyo inayoamua upite kwa urahisi au kwa shida. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Lakini kuna msichana aliwahi kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwenye umeme kuna kitu kinatembea. Huku kwenye sumaku kinachotiririka ni nini?" Yeye akajibu kuwa ni mfano tu, waendelee. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na bado lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Pili, kulikuwa na wifi yake. Yeye na Mawingu hawakugombana kamwe, na pengine hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mawingu aliamini kuwa mke wa mdogo wake ni mtu wa kujisikia, kwa sababu alikuwa mkimya. Mwalimu alikuwa mkimya kwa sababu kila alipofungua mdomo, Mawingu alitia neno na watu wote wakacheka. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, wakaachana.

Kesho yake, shule ikiwa imefungwa, Mwalimu alifika yadini na viatu vyake vya shule. Mawingu aliteremka ngazi ya kreni, akavitazama viatu vile, akasema, "Karibu wifi. Hivyo viatu viage kabisa, hamtaonana tena." Akamletea buti zake za akiba. Zilikuwa kubwa, ikabidi zijazwe matambara.

Mwalimu aliomba sumaku ishushwe hadi usawa wa kifua na iwashwe. Alizunguka akiitazama kutoka chini kama mtu anayekagua uvungu wa gari. Aliona kutu kwenye vyuma vya lundoni, rangi kuukuu, udongo uliokauka, na moyo ukamtulia kidogo, maana hilo alilijua. Hewa na uchafu kati ya sumaku na mzigo ni kikwazo; mwanya mdogo tu unatosha kuiibia sumaku nguvu nyingi. Alitoa ushauri, vyuma vikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa, wapakiaji wakitoka jasho. Sumaku ikashushwa tena. Safari hii ilipata ndoo na mfuniko wake.

Mawingu alishuka kwenye kreni. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akamwonyesha wifi yake tairi lingine. Mwalimu akakaa. Kisha, bila kutarajia, akaanza kucheka mwenyewe kwa mwenyewe, kwa sababu alijiona na buti zile zilizojaa matambara, baada ya kuwatesa watu kwa brashi asubuhi nzima ili Bwana Harusi apate mfuniko. Mawingu alimtazama, kwanza kwa mashaka, kisha naye akashindwa kujizuia. Tangu Mwalimu aolewe katika nyumba ile, hawakuwahi kucheka jambo moja kwa wakati mmoja.

Walipotulia, Mwalimu alifunga msumari kwa uzi akauning'iniza chini ya sumaku iliyowashwa. Alitarajia msumari uirukie sumaku na kuukaza uzi. Uliyumba tu kivivu, kama mtu anayeitwa na asiyetaka kuitika. Alisema hilo ndilo linalomshangaza. Koili ni nzima, umeme umo, kwa hiyo nguvu ya sumaku ni lazima iwepo. Kama ipo na haifiki hapa kwenye msumari, iko wapi?

Mawingu alimtaka amweleze mambo hayo tangu mwanzo, kama anavyowaeleza watoto wake wa shule. Basi Mwalimu akaokota kijiti, akachora mavumbini. Alichora sumaku kana kwamba imepasuliwa katikati kama tikiti: kitovu cha chuma katikati, ukingo wa chuma pembeni, koili kati yao, na juu paa la chuma linaloviunganisha. Kisha akachora mstari. Ulishuka kwenye kitovu, ukaingia kwenye mzigo ulio chini, ukatambaa ndani ya mzigo hadi pembeni, ukapanda kwa ukingo, ukarudi juu.

"Kwa hiyo inazunguka," Mawingu akasema.

"Inazunguka. Kama umeme unavyotoka kwenye betri, ukapita kwenye taa, ukarudi ulikotoka. Koili ndiyo betri yake. Chuma ndicho waya wake. Na mzigo unaonyanyua ni sehemu ya njia hiyo hiyo, ndiyo maana unashikwa."

"Na hewa je?"

"Hewa ni njia mbovu. Nguvu inapita, ila kwa taabu, kama gari kwenye matope. Kwenye umeme ukikata waya, mambo yamekwisha. Sumaku haina kitu cha kuikatia kabisa. Itavuja tu hata kwenye hewa, lakini kidogo."

Mawingu aliinama juu ya mchoro, viwiko magotini. Alikaa hivyo kwa muda. Mwalimu alidhani amechoshwa, akataka kuufuta.

"Subiri, wifi," Mawingu akasema. "Mimi nikiwa hiyo nguvu, nimeshuka hapa kwenye kitovu, nikaona njia mbili. Moja ndefu, inapita kwenye mzigo wenye kutu na mianya. Nyingine fupi, chuma kinene kitupu, kinanipeleka moja kwa moja hadi ukingoni. Nitapita ipi?"

"Hiyo fupi. Takriban wewe mzima."

"Basi hapo chini umesahau kuchora bamba la mdogo wangu."

Mwalimu aliutazama mchoro wake. Alikuwa ameichora sumaku kama ilivyo kitabuni, tupu upande wa chini. Akachukua kijiti, akaongeza bamba: kuanzia kitovuni hadi ukingoni, limechomelewa pande zote, chuma kinene cha tangi. Mstari wake haukuwa tena na sababu ya kushuka kwenye mzigo. Ungefika kwenye bamba, ukageuka, ukarudi nyumbani.

"Ni shoti," akasema polepole. "Fundi umeme ametafuta shoti kwenye shaba, nayo iko kwenye chuma. Shoti isiyo na cheche."

Mawingu alikuwa ameshasimama. Katika yadi yao, vyuma huchambuliwa kwa kipande kidogo cha sumaku ya spika kilichofungwa kwenye kamba; kinachoshikwa kinatupwa huku, kisichoshikwa kule. Aliichukua kamba hiyo akaenda kwenye rundo la visivyoshikwa, akafukua, akarudi na kipande cha bamba la zamani lililokuwa limetoboka. Hakuwahi kujiuliza kwa nini wapakiaji walilitupa upande ule. Aliigusisha sumaku ndogo kwenye kipande kile. Ikateleza ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Waliolitengeneza bamba lile tangu mwanzo walitumia aina ya chuma ambayo kwa sumaku ni sawa na hewa, makusudi kabisa, ili nguvu isipate pa kukatisha.

Mwalimu alikichukua kile kipande akakikumbatia kifuani, na kutu yake yote, juu ya blauzi ya kazini. Baadaye alisema hakujua ni nini kilichompata. Amelichora jedwali lile ubaoni miaka yote, upande wa kushoto na wa kulia, na hakuwahi kuwaza kuwa kama kuna njia, basi kuna pia njia ya mkato.

Likabaki jambo moja gumu, nalo lilikuwa kumwambia Fundi.

"Mwambie wewe uliyeolewa naye," Mawingu akasema.

"Mwambie wewe uliyezaliwa naye."

Walishauriana kando ya kreni hadi jua likaanza kuinama. Wote wawili walijua jinsi alivyolipenda lile bamba. Mwishowe wakakubaliana kwamba maneno matupu yangeleta ugomvi, na Mwalimu akasema ana njia yake. Mawingu alimchagulia lundoni bolti iliyopinda kama kiatu cha farasi, ile inayofunga springi za gari, na waya wa shaba kutoka kwenye feni iliyokufa.

Jioni, meza ilipoondolewa vyombo, Mwalimu aliizungushia waya ile bolti, miguu yote miwili, akauunganisha na betri ya pikipiki. Mzee alisogeza kiti. Mwalimu aliishusha ile sumaku yake ya jikoni juu ya kufuli la mlango wa nyuma, ikalinyanyua. Akamwomba mumewe achukue kipande kinene cha bapa la chuma alichokuwa amekiweka mezani, akishikize kwenye ncha za miguu ile, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kati ya sumaku na kufuli. Kipande kikaruka kikaganda. Fundi akaleta kufuli chini yake. Halikushikwa. Akalisukuma, likashika kwa shingo upande, likaanguka mezani.

Akatazama chini ya meza, labda kuna hila. Akarudia. Akabadilisha bapa kwa mpini wa kijiko cha stenlesi, ambayo haishikwi na sumaku. Kufuli likashikwa kama kawaida, mpini ukiwa katikati. Akatafuta msumeno mwembamba wa chuma. Kufuli likashikwa nusu nusu. Aliuliza kwa nini huu mwembamba unaachia kidogo. Mwalimu akamweleza kuwa chuma nacho hushiba. Waya ukizidiwa na umeme huchemka. Chuma kikizidiwa na sumaku hujaa, na inayobaki inamwagika nje. Ndiyo maana hata Bwana Harusi, pamoja na kila kitu, aliweza kupata ndoo.

Hapo Fundi aliacha kuchezea vitu. Alikuwa amefika mwenyewe, bila kusukumwa. Alikitazama kidole chake kifupi, akakisugua.

"Niambieni ukweli," akasema. "Nilichomelea vibaya?"

"Ulichomelea vizuri mno," mkewe akamjibu. "Ungechomelea ovyo, ukaacha nyufa na mianya, ingenyanyua zaidi."

Mawingu alishika kingo za kiti. Kisha Mzee akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akavua miwani. Fundi alimtazama baba yake, akamtazama dada yake, akatafuta pa kuweka uso, na mwisho naye akacheka, akasema hajawahi kusifiwa kwa namna inayouma kiasi kile.

Lakini hakutaka kuachia hivi hivi. Aliuliza swali ambalo Mwalimu alikwisha kulisikia. Kama nguvu yote ilikuwa inapita kwenye bamba lake, mbona halikuungua? Shoti ya umeme ingeyeyusha kila kitu. Ni kitu gani hicho kinachopita wala hakichomi?

Safari hii Mwalimu hakusema ni mfano tu. Alichukua kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa imekunjwa dirishani, akampa mumewe ncha moja, akashika nyingine, wakavuta. "Kamba inakwenda popote?" akamuuliza. Fundi akasema haiendi. "Lakini ukiigusa hapa, au pale, au pale karibu na mkono wako, utaukuta mkazo. Upo njia nzima, wala hakuna kinachokimbia. Tunauita mtiririko kwa sababu hesabu zake zinafanana na za umeme. Inafuata njia rahisi, inagawanyika, inazunguka na kurudi. Ila imetulia. Ndiyo maana haichomi." Alipomaliza, alibaki ameishika kamba, maana alikuwa amesikia jibu lile kwa mara ya kwanza kama wengine.

Fundi alilikata bamba lake mwenyewe. Hakutaka msaada. Badala yake walihitaji stenlesi nene, na yadini ilikuwepo moja tu: kitako cha tangi la maziwa ambalo Mzee alilificha nyuma ya ofisi akisubiri mnunuzi wa maana. Mzee alilia lia kidogo, akasema wanamtoa roho, akaenda mwenyewe kulifunua turubai. Kuchomelea stenlesi kwenye chuma cha kawaida kuna adabu zake na vijiti vyake, na Fundi aliifanya kazi ile taratibu, akipiga mluzi ndani ya barakoa. Mshono wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Watu wakaitwa tena kupitisha kidole.

Siku ya majaribio, Mawingu aliwaondoa wote kwenye lundo, akawapanga nyuma ya mstari wa chokaa, mbali. Ndiyo raha aliyokuwa ameitafuta: kutazama chini na kuona pako wazi. Alishusha sumaku. Ilikuwa bado haijagusa lundo wakati vipande vidogo vilipoanza kutikisika, nati na vipande vya mnyororo na misumari vikasimama kama nywele za paka aliyeshtuka, kisha vikaruka kuilaki. Sumaku ikatua. Mawingu akavuta. Kreni ilinguruma, ikatulia, na lundo likaanza kupaa: giaboksi, vitanda viwili vilivyokumbatiana, geti zima na kufuli lake, baiskeli zikiwa zimening'inia kwa tairi. Na kiti cha chuma cha Mzee, ambacho alikuwa amekisogeza kwa siri mbele ya mstari, karibu na lundo, ili aone vizuri, kilitambaa chini kwa mshindo, kikanyanyuka, kikajiunga na msafara. Mzee alikuwa amesimama dakika ileile kupiga makofi. Aligeuka kukaa, akakuta hewa, akakishuhudia kiti chake kikienda mbinguni.

Wapakiaji walikaa chini kwa kucheka. Mmoja alimrudisha Mzee nyuma ya mstari, akamwambia kuwa Bwana Harusi sasa anachukua na vyombo vya wakwe. Fundi hakucheka, alikuwa amesimama mikono kiunoni, akitazama juu, na macho yalimlengalenga, akasingizia vumbi.

Mawingu alifungua dirisha la kabini, akamwita wifi yake apande. Mwalimu aliogopa urefu, na hakuficha. Alipanda ngazi akiwa ameshika kila chuma kwa mikono miwili, na buti zile zile, mpaka akaingia kwenye kabini iliyokuwa finyu na yenye joto, inayonuka grisi na karanga. Mawingu alimpisha kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote. Alimwonyesha swichi, akamwambia akiwa tayari aizime.

Mwalimu aliizima. Mzigo wote ulianguka mahali pake kwa kishindo kilichotikisa vioo, na vumbi likapanda, na kutoka katikati ya vumbi ikasikika sauti ya Mzee akiuliza habari za kiti. Mwalimu aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika kama ya msichana wa darasani. Akaomba arudie.

Alirudia, na tena. Mawingu alimmiminia karanga mkononi. Kutoka kule juu waliona mapaa ya mtaa, nguo kwenye kamba, lori likirudi nyuma getini. Mawingu aliuliza lini shule inafunguliwa, Mwalimu akamwambia, na akaongeza kuwa angependa kuwaleta wasichana wake hapa, kama wenye yadi watakubali na kama dereva atakubali kuulizwa maswali. Mawingu alitafuna kwanza. Alisema dereva atakubali, ila wasije na viatu vya shule. Kisha akanyoosha kidole nje ya dirisha, kwenye transfoma iliyokuwa juu ya nguzo ng'ambo ya barabara.

"Ile nayo," akasema, "ndani yake kuna njia ya chuma?"

"Ipo. Chuma kimezunguka kama fremu ya mlango. Upande huu koili, upande ule koili nyingine."

"Na waya zake zinagusana?"

"Hazigusani kabisa."

"Sasa umeme wa huku unavukaje kwenda kule?"

Mwalimu alijiweka sawa kwenye kiti, akafuta mikono kwenye sketi, akatafuta mahali pa kuchorea. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi la kutosha. Chini, wapakiaji walianza kugonga mwili wa kreni kwa nyundo, wakidai kazi iendelee, na Mawingu akawapungia mkono wasubiri.